Diski Moja kwa Kila Somo

Duka la nne nalo lilimjibu kama yale matatu ya kwanza.

"Sidii?" Mwenye duka hakuinua macho kutoka kwenye simu aliyokuwa akiifungua kwa bisibisi. "Nani anachoma sidii siku hizi, mzee? Tia kwenye flashi."

"Flashi hawaitaki."

"Basi watumie kwa simu."

"Kwa simu pia hawataki. Wameandika diski."

"Hao watu wanaishi mwaka gani?"

Baba aliitazama saa ya dukani. Alikuwa mpaka rangi wa nyumba, na alikuwa amevaa suruali yake ya kazini, ile yenye madoa meupe na ya kijani magotini, kwa sababu alipotoka nyumbani alidhani hii ni shughuli ya nusu saa, kisha angewahi kwenda kumalizia ukuta wa watu. Sasa ilikuwa saa tatu na nusu asubuhi. Dirisha la ofisi ya mitihani lilikuwa likifungwa saa kumi alasiri, na leo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho.

Nyuma yake alisimama binti yake wa miaka kumi na saba, mkoba wa shule umemning'inia begani, akitazama midomo ya mwenye duka kisha uso wa baba yake. Hakuwa akisikia tangu homa ya utotoni. Hakuhitaji kusikia ili ajue wamekataliwa tena. Alikuwa tayari amegeuka kuelekea barabarani.

Mfukoni mwa shati baba alikuwa na kadi ndogo ya kamera iliyoviringishwa kwenye karatasi. Ndani ya kadi ile mlikuwa na mtihani wa mwisho wa bintiye. Binti aliandika, lakini aliandika kama mtu anayeandika lugha ya ugenini: maneno yapo, viungo vyake vimepotea njiani. Kwa hiyo baraza la mitihani lilimkubalia ajibu masomo mawili, Historia na Biolojia, kwa lugha ya ishara mbele ya kamera, mwalimu wake wa ishara akisimamia. Mwalimu yule alifanya kazi yake, mkataba wake ukaisha juma hilohilo, akafunga mizigo akaenda kwao. Mashine ya shule ya kuchomea diski ikagoma. Jana jioni mwalimu mkuu alimwita baba, akamkabidhi kadi na karatasi ya maelekezo.

"Mzazi utatusaidia hapo," alisema, kwa sauti ya mtu anayeomba mzazi alete ufagio.

Maelekezo yalikuwa mistari mitatu. Diski moja ya DVD kwa kila somo. Iwe inacheza kwenye deki ya kawaida. Flashi, kadi na simu hazipokelewi.

Kwa desturi mambo ya binti yalikuwa ya mama yake. Mama ndiye aliyekwenda kwenye mafunzo ya wazazi kila Jumamosi kwa miaka mingi, ndiye aliyejua kuongea na mtoto kwa mikono. Lakini mama alishona kiwandani, na msimamizi wake alikwishamwambia kwamba siku nyingine ya kuomba ruhusa itakuwa siku ya kuaga. Baba alijua ishara za nyumbani tu: kula, njoo, maji, lala, funga mlango, hapana. Labda ishirini zote kwa jumla. Miaka yote hiyo zilimtosha, au ndivyo alivyojiambia.

Mwenye duka wa tano alimsikitikia. "Kuna mtu mmoja nyuma ya soko la viatu," alisema. "Muulizie Chomachoma."

*

Chomachoma lilikuwa jina la enzi zake, wakati watu walipopanga foleni mlangoni kwake wakitaka filamu na kanda za harusi. Sasa alikuwa mtu wa makamo mwenye kipara, anauza chaja na kava za simu kwenye chumba kilekile, na kompyuta yake ya zamani ilikuwa imefunikwa kitambaa kama maiti. Aliposikia wanachotaka, alifikiri kwanza, kisha akakivuta kitambaa.

"Diski nimebaki nazo saba," alisema. "Za miaka hiyo. Hupati nyingine mji huu hata ukilia."

"Tunataka mbili tu."

Kompyuta iliwaka polepole, ikikoroma. Chomachoma akaitia kadi, akasogeza miwani. "Kila somo saa mbili na nusu. Na hii kamera imezikata faili vipande vipande, tena za aina ambayo deki haizijui. Lazima nizigeuze kwanza, niziunge, kisha nizibane ziingie."

"Zitaingia?"

"Kila kitu kinaingia ukikibana, mzee."

Walikaa kwenye benchi wakisubiri. Mstari wa kijani ulijikokota kwenye skrini. Binti alitazama mstari, baba akatazama saa ya ukutani. Wateja wawili walikuja kununua chaja, mmoja akamsalimia binti, na alipoona hajibu akamwambia baba, "Kijana wako ana kiburi." Baba alicheka kidogo, kicheko cha kumaliza maneno, akaona aibu kwa kutosema lolote.

Ilipofika saa sita diski zote mbili zilikuwa tayari. Chomachoma akaingiza moja kwenye deki iliyounganishwa na televisheni ndogo juu ya kabati. Binti akatokea pale kwenye kioo, amevaa sare, ameketi mbele ya ukuta mweupe wa darasa, akianza kujibu.

"Haya," alisema Chomachoma. "Safi."

Baba alivuta pumzi. Alikwishanyanyuka, mkono mfukoni, alipoona binti yake amesogea hadi karibu pua yake iguse kioo. Alitazama pale kwa dakika nzima. Kisha akatikisa kichwa.

"Nini tena?" baba aliuliza, akageuza viganja juu.

Binti akaonyesha mikono yake ya kwenye televisheni. Baba aliona mikono. Iliinuka, ikashuka, ikazunguka. Binti akaonyesha tena, kwa nguvu zaidi, akigonga kioo kwa ukucha.

"Si anaonekana?" baba alimwambia Chomachoma. "Uso si ndio wake?"

"Anaonekana vizuri kabisa. Harusi ngapi nimechoma hivihivi."

Binti alichukua karatasi ya risiti mezani, akaandika, akampa baba. *Vidole hakuna soma. Mimi mwenyewe sijui nasema nini.*

Wanaume wawili wakasogea kwenye kioo. Sasa waliona. Kila mkono ulipokwenda haraka, vidole viligandamana vikawa donge moja la rangi ya ngozi, lenye kingo za miraba midogomidogo, kama mtu aliyevaa glavu za kufulia. Mkono ukitulia, vidole vilirudi. Lakini hautulii mtu anapozungumza.

Chomachoma akakuna kipara. "Kweli. Ukiibana picha iingie kwenye diski moja, inatupa vitu vidogovidogo. Kwenye harusi hakuna anayehesabu vidole. Dawa yake ni kuacha picha ilivyo, halafu kuigawa. Kila somo diski mbili."

"Wameandika moja."

"Basi unazo hizo mbili. Chukua."

Baba alizishika zile diski zilizokwisha kuchomwa, akazigeuza mkononi. Alifikiri kuhusu ule ukuta wa watu unaomsubiri. Alifikiri kwamba mtu wa mitihani, mtu aliyesoma, pengine ana jicho zuri kuliko lake. Kisha akamtazama binti, aliyekuwa amesimama katikati ya chumba akiwa hajui wanaume wanasema nini juu yake.

"Gawa," alisema. "Mimi nitawaeleza."

*

Chomachoma aliweka mkato katikati ya somo la kwanza kabisa, saa moja na robo kila upande, na alikuwa karibu kubonyeza binti alipomshika mkono.

"Sasa anataka nini?"

"Nadhani umemkata katikati ya neno," baba alisema, akibahatisha.

"Nitajuaje?" Chomachoma aliinua mabega. "Kazi yangu miaka yote, nakata pale sauti inaponyamaza. Hii imenyamaza mwanzo mpaka mwisho."

Binti alivuta kigoda akaketi katikati yao. Alirudisha picha nyuma kidogo, akaiacha iende, akaisimamisha pale ambapo msichana wa kwenye skrini aliteremsha mikono mapajani na kumeza mate. Akainua vidole vitano. Swali la tano limekwisha. Akaonyesha: hapa.

Chomachoma akakata. Binti akaangalia, akatikisa kichwa. Chomachoma alikuwa amechelewa kidogo, mkono wa swali la sita ulikwishaanza kuinuka. Akakata tena. Safari hii binti akakubali kwa kichwa.

Baba alikaa pembeni akitazama. Hakuwa amewahi kumwona binti yake akisema maneno mengi namna ile. Nyumbani aliona njoo, aliona hapana, aliona mikono ikienda mbio kati ya mama na mtoto huku yeye akila. Hapa binti aliendelea tu, swali baada ya swali, nyusi zikipanda na kushuka, mara akirudia jambo, mara akijisahihisha, mara moja akitabasamu kana kwamba jibu lenyewe linamfurahisha.

"Pale anasema nini?" aliuliza.

Chomachoma akamgeukia. "Wewe ndiye baba yake, mzee. Unaniuliza mimi?"

Hakumaanisha ubaya. Hata hivyo baba alinyanyuka akaenda kusimama mlangoni, akajifanya anatazama hali ya hewa.

Diski ya kwanza ilitoka salama. Ya pili salama. Ya tatu ilikwenda vizuri hadi karibu kumaliza, kisha kompyuta ikatoa mlio mmoja mfupi na kuitema.

"Imeungua," Chomachoma alisema. Aliitazama dhidi ya mwanga. "Zimezeeka. Sasa zimebaki mbili, na mbili ndizo tunazotaka. Nitazichoma polepole."

"Polepole kiasi gani?"

"Kiasi cha kutoungua."

Saa nane ikapita. Saa nane na nusu. Binti alitoa mkate mkobani, akaukata vipande vitatu, akampa kila mmoja chake. Saa tisa na dakika kumi diski ya nne ilitoka. Chomachoma aliandika juu ya kila moja kwa kalamu ya wino mzito: Historia 1, Historia 2, Biolojia 1, Biolojia 2. Zile mbili za mwanzo alizitia kwenye bahasha yake nyingine. "Chukua na hizi. Siwezi kuziuza."

Baba alitoa alichokuwa nacho. Chomachoma alikitazama, akachukua nusu, akamrudishia nusu. "Utakuja kunipakia huu mlango. Kimbieni."

*

Dirisha namba tatu lilikuwa na watu kumi na wanne mbele yao. Wengi walikuwa wazazi na walimu wenye bahasha, wakinung'unika kwa sauti ya chini. Baba alijifuta uso kwa kiwiko. Ukuta wa ofisi ile ulipakwa vibaya, rangi imechuruzika na kukaukia njiani, na jicho lake halikuweza kuliacha hilo hata katika hali ile.

Ilikuwa saa kumi kasoro robo walipofika dirishani. Karani alikuwa mama wa makamo, macho yamechoka, na kando yake palikuwa na deki juu ya televisheni iliyoelekezwa upande wa watu, ili mleta kazi aone kazi yake inacheza.

"Shikamoo, mama," baba alisema, ingawa pengine walikuwa rika moja.

"Marahaba. Somo la kwanza."

Akampa Historia 1. Karani akaitia. Binti akatokea kwenye kioo, vidole vyake vikionekana kimoja kimoja, mpaka kucha. Baba alihisi kitu kama fahari kikimpanda kifuani.

Karani akaongeza sauti. Akaongeza tena. Akapiga deki kofi dogo ubavuni.

"Haina sauti," alisema. "Diski mbovu hii."

"Siyo mbovu, mama. Haina sauti kwa sababu..."

"Mzee, mimi nakagua picha na sauti. Fomu imeandika picha, nafasi ya kutia alama, na sauti, nafasi ya kutia alama. Sauti haipo."

Kwenye foleni mtu mmoja alicheka. Mwingine akauliza yule msichana anafukuza nzi au anacheza ngoma. Watu kadhaa wakacheka na huyo. Binti alikuwa akitazama televisheni. Kisha akageuka, akaona meno ya watu, na akajua.

"Binti yangu ni kiziwi," baba alisema. Alikuwa amesema taratibu, karani hakumsikia kwa kelele za foleni, ikabidi arudie kwa sauti kubwa, mbele ya wote. "Nimesema binti yangu ni kiziwi. Anajibu kwa mikono. Baraza limeruhusu, barua hii hapa."

Foleni ikanyamaza. Karani akasoma barua, mwanzo mpaka mhuri. Akatia alama kwenye picha, na kwenye sauti akachora mstari. "Samahani," alisema, bila kumtazama mtu. "Lete somo la pili."

"Hiyo ni ya kwanza ya Historia. Kuna ya pili yake."

Karani aliweka kalamu chini. "Ya pili yake?"

Baba akaeleza. Alieleza vibaya, akianza na kamera, akarudi kwenye vidole, akaingiza harusi. Lakini karani alielewa, hilo lilionekana usoni mwake, na ndilo lililomvunja baba moyo zaidi, kwamba alielewa na bado akawa anatikisa kichwa.

"Tazama hapa," alisema, akamwonyesha bahasha ngumu ya kahawia yenye mifuko miwili, kila mfuko umechapwa jina la somo. "Somo moja, mfuko mmoja, namba moja. Nikitia mbili, kule wanakofungulia wanaandika udanganyifu, wanafuta mtihani wote. Nimeona kwa macho yangu mwaka juzi. Diski ya pili itabaki kwako."

"Hakuna mtu wa kuulizwa?"

"Yupo. Ametoka. Na saa kumi nafunga." Akatazama saa. "Zimebaki dakika tisa, mzee, na nyuma yako wapo watu."

Baba akageuka kutazama foleni. Kisha akakumbuka zile diski mbili za mwanzo, akazitoa haraka kwenye bahasha, karibu aziangushe. "Hizi hapa. Hizi kila somo limekamilika kwenye moja. Hizi ndizo zinazotakiwa."

Karani alinyoosha mkono. Binti aliushika mkono wa baba yake kabla haujavuka dirisha.

Baba alijaribu kuuvuta. Binti hakuuachia. Watu nyuma wakaanza kuguna. Baba akamtazama, akafungua mdomo kumweleza, akaufunga, kwa kuwa hapakuwa na ishara hata moja kati ya zile ishirini zake iliyofaa. Maji haikufaa. Lala haikufaa. Alibaki akimwonyesha ile bahasha ya kahawia yenye mifuko miwili, kisha akainua kidole kimoja. Moja. Moja tu.

Binti alitazama mifuko. Alielewa mara moja. Alichukua kalamu ya karani, iliyokuwa imefungwa kwa uzi, akaandika nyuma ya barua ya baraza, herufi zikigongana kwa haraka.

*Ile mbaya hapana. Ile siyo mimi. Peleka nusu.*

"Nusu?" baba alisema. "Nusu ni kufeli, mwanangu." Alisema kwa mdomo, polepole, akitanua midomo, na binti akasoma neno hilo kwenye midomo yake.

Aliandika tena. *Mbaya zote ni sifuri. Nusu ni nusu.*

Karani aliyasoma maneno yale akiwa ameinama, kwa kuwa upande wake yalikuwa kichwa chini. Alisubiri, jambo ambalo kwa saa ile lilikuwa fadhila.

Baba akatia Historia 1 kwenye mfuko wa kwanza na Biolojia 1 kwenye mfuko wa pili. Karani akafunga bahasha, akapiga mhuri, akamsogezea fomu. Chini kabisa palikuwa na mstari: *Nathibitisha kwamba kazi ya mtahiniwa imewasilishwa yote.*

"Sahihi hapa."

"Siyo yote," baba alisema.

"Najua, mzee. Bila sahihi siipokei."

Akatia sahihi. Mkono wake, uliozoea kuvuta mstari ulionyooka juu ya dari za watu, uliandika jina lake kama wa mtoto anayejifunza.

*

"Ungepeleka zile nzima," mama alisema jioni ile, akiwa bado na nyuzi za kiwandani kwenye nywele. "Mtu mwenye huruma angebahatisha."

"Yeye mwenyewe alikataa."

"Yeye ni mtoto."

"Alikuwa anajua kuliko mimi."

Mama alichomoa uzi mmoja kwenye nywele. "Hilo ni kweli," alisema, na haikuwa wazi anamsifu binti au anamlaumu mume.

Matokeo yalitoka baada ya miezi mitatu. Baba alikwenda kuyachukua shuleni mwenyewe. Historia alikuwa amepita, kwa shida, lakini amepita. Biolojia alikuwa ameanguka kwa alama chache, na bila Biolojia hakuna kidato cha juu wala chuo cha kazi za zahanati alichokitaka. Kwenye nafasi ya maelezo waliandika mstari mmoja: *Mtahiniwa hakujibu swali la 6 hadi la 10.*

"Kwa nini hakujibu?" mwalimu mkuu aliuliza. "Tulikuwa tunamtegemea."

"Alijibu."

"Karatasi inasema hakujibu."

"Niliyatazama kwenye picha, mwalimu. Alijibu yote."

"Sasa mzee, wewe lugha hiyo unaijua?"

Baba aliikunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni, akaaga kwa heshima.

Kuhusu rufaa, alikwenda mara mbili dirisha namba tatu na zile diski za pili. Mara ya kwanza aliambiwa rufaa ni ya kusahihisha upya kilichowasilishwa, si ya kuongeza kisichowasilishwa. Mara ya pili walimwonyesha fomu ile yenye sahihi yake. Mama naye hakukaa kimya. Alimwendea msimamizi wake kiwandani kumwombea binti kazi, na msimamizi akasema kiziwi hana shida kwenye mashine, kelele hazitamsumbua. Aanze Jumatatu. Alisema hilo kama mzaha, na mama akacheka kwa kuwa alihitaji ile nafasi.

Jumapili mchana binti aliketi mezani na ile karatasi ya matokeo. Baba alidhani analia, akaogopa kumkaribia. Alipopita nyuma yake kufuata maji, aliona ameigeuza karatasi upande wa nyuma na anaandika. Swali la 6. Swali la 7. Aliandika mpaka mwisho wa ukurasa, akapindisha pembeni, akamalizia kwenye ukingo. Kisha akasukuma karatasi ile mbele ya baba yake, akaenda kuosha vyombo.

Baba akasoma. *Moyo vyumba nne. Juu mbili chini mbili. Damu toka mwili ingia kulia, enda mapafu, rudi ingia kushoto, enda mwili wote.* Alisoma yote matano. Hakujua kama ni sahihi. Alimwita mama, naye akasoma, akasema, "Sisi hatukufika huko."

Basi akavaa viatu. Mtaa wa pili aliishi muuguzi mstaafu ambaye aliwahi kumpakia sebule. Alimkuta barazani akichambua mchele. Akampa karatasi, akasimama kando na kofia mkononi, wakati bibi yule akisoma kwa kidole, mstari kwa mstari.

"Nani kaandika?"

"Binti yangu."

"Lugha imemshinda, lakini mambo anayajua." Kidole kikashuka. "La sita sawa. La saba sawa. La nane sawa kabisa. Hapa kwenye tisa amekosea. Ameandika kibofu ndicho kinachochuja damu. Kibofu kinahifadhi mkojo tu. Zinazochuja ni figo. La kumi sawa."

"Moja tu ndilo amekosea?"

"Moja tu."

Baba alimwomba amweleze tena lile la tisa, polepole, akaonyeshwa figo ziko wapi na kibofu kiko wapi. Njia nzima kurudi nyumbani aliyarudia mdomoni, ili asije akayachanganya.

Binti alikuwa jikoni, mikono imejaa povu. Baba akaweka karatasi mbele yake, akagusa swali la tisa, akatikisa kichwa. Akajigusa tumbo chini, akatikisa kichwa: siyo hiki. Akajipapasa mgongoni, pande zote mbili chini ya mbavu, akakubali kwa kichwa: hizi. Alijisikia mjinga, mtu mzima anayejishika kiuno jikoni.

Binti alisoma alichoandika, akakunja uso, akajipiga paji. Akafuta mikono kwenye gauni, akatwaa kalamu.

*Kosa kuandika. Majina haya mawili nachanganya siku zote. Kwa kamera nilisema vizuri.*

Akaweka kalamu chini na kumwonyesha. Mikono miwili ilikwenda nyuma, ikarudi mbele, vidole vikafanya umbo dogo lililopinda kama kunde, kisha vikachuja kitu hewani, kidogo kidogo, kikidondoka. Alifanya mara moja kwa kasi yake, na baba hakuona kitu. Akafanya mara ya pili, taratibu.

Baba akajaribu. Binti akatikisa kichwa, akamshika kidole gumba kilichokuwa kimejitokeza, kigumu kwa rangi kavu ya miaka, akakirudisha mahali pake. Baba akajaribu tena. Mama alikuwa akiwaita waje wamsaidie kupiga pasi sare ya kiwandani kwa ajili ya kesho, na baba peke yake ndiye aliyemsikia. Akamjibu asubiri kidogo, bado hajapata hili.